Lunar za mkononi: uanze na ipi, na Dragon Song uifanyeje?

Mfululizo wa Lunar, gemu za RPG (za kusafiri na wahusika na kuwakuza kwa mapigano), una wapenzi wachache kuliko Final Fantasy, lakini waliopo hawabanduki. Ulianzia kwenye konsoli ya Sega CD mwaka 1992, studio ya Game Arts ilipotoa Lunar: The Silver Star, na miaka miwili baadaye ikafuata Eternal Blue. Gemu hizo mbili zilifanya jina. Kila kilichokuja baadaye, hasa kwenye konsoli za mkononi, kimekuwa kikipimwa kwa kipimo cha zile mbili.

Leo anayetaka kuicheza Lunar akiwa ameishika mkononi ana njia nne za kweli. Ya kwanza ni Lunar Legend ya Game Boy Advance (GBA), 2002. Ya pili ni Lunar: Dragon Song ya Nintendo DS, 2005, ambayo Japani na Ulaya inaitwa Lunar Genesis. Ya tatu ni Lunar: Silver Star Harmony ya PSP, iliyotoka Japani 2009 na Marekani 2010. Ya nne ni Lunar Remastered Collection ya Aprili 2025. Hii haikuzaliwa kuwa gemu ya mkononi, ila ipo kwenye Switch, na Switch unaibeba.

(Kuna ya tano kwa wanaojua Kijapani: Game Gear ilipata Lunar yake ya wanafunzi wa shule ya uchawi mwaka 1996. Haikuwahi kutolewa kwa Kiingereza, basi siitii kwenye mizani.)

Kinachowakwamisha watu ni hiki: katika hizo nne, Dragon Song peke yake ndiyo yenye hadithi mpya kabisa, na ndiyo hiyo hiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Legend na Harmony zinasimulia upya The Silver Star, na mkusanyiko wa 2025 unazo zile mbili za asili katika matoleo yake yaliyoboreshwa ya miaka ya tisini. Kwa hiyo mtu aliyeipenda Lunar na akaimaliza anajikuta amebakiwa na mlango mmoja tu, nao umeandikwa "usiingie".

Nitazipima kwa mambo matano: hadithi, mapigano, kutembea duniani mwake, picha na sauti, na vifaa unavyohitaji. Mapigano nimeyapa nafasi kubwa kwa makusudi, maana humo ndimo Dragon Song ilimojiharibia jina.

Hadithi

Legend na Harmony zote ni habari za Alex, kijana wa kijiji cha Burg anayevutiwa na Dyne, shujaa aliyekuwa Dragonmaster (mlinzi wa mungu wa kike Althena) kabla yake. Anaondoka nyumbani na Luna, rafiki yake wa tangu utotoni, pamoja na Ramus aliyejaa tamaa ya biashara na Nall, kiumbe mweupe mwenye mabawa anayefanana na paka. Njiani wanaongezeka Nash, Mia, Jessica na Kyle. Nguvu ya hadithi hii haiko kwenye mizunguko yake. Iko kwenye maongezi. Watu hawa wanataniana, wananuniana na kupatana, na mpaka unafika kwa Ghaleon, adui mkuu, unajua nani anampenda nani na nani hajakubali kukiri.

Legend inaisimulia kwa kifupi zaidi. Ukiwa huna muda hiyo ni faida, ila baadhi ya matukio yanapita haraka kabla hayajakukaa moyoni. Harmony imeongeza kipande cha mwanzo ambamo unawachezesha wale mashujaa wanne wa zamani, Dyne na wenzake, kabla ya kumpokea Alex. Kipande hicho nakipenda, lakini kina gharama yake: asiyeijua hadithi anaonyeshwa mapema watu ambao toleo la zamani liliwaacha wabaki kuwa jina na sanamu.

Mkusanyiko wa 2025 unakupa hadithi ya Alex katika umbo la Silver Star Story Complete, na juu yake unaongeza Eternal Blue Complete, ambayo inatokea miaka elfu moja baadaye. Humo yumo Hiro, yumo Lucia aliyetoka sayari ya Blue Star, na mna sehemu ya mwisho unayoicheza baada ya majina ya watengenezaji kupita. Wapenzi wengi wa Lunar wanaiweka Eternal Blue juu ya ile ya kwanza, na haiwezekani kuipata kwenye Legend wala Harmony.

Sasa Dragon Song. Inaturudisha miaka elfu moja kabla ya Alex, wakati watu-wanyama wana nguvu na binadamu wa kawaida wanadharauliwa. Jian Campbell ni mpeleka mizigo wa kampuni ya Gad's Express katika mji wa bandari wa Port Searis, na mwenzake kazini ni Lucia Collins (si Lucia wa Eternal Blue, usichanganye). Kijana wa kupeleka vifurushi, jamii inayomwona hana maana, mazimwi ya kumjaribu: mbegu zote ziko sawa. Wazo la kuonyesha zile enzi ambazo gemu nyingine zinazitaja tu kama historia ni zuri, na anayefuatilia habari za mungu wa kike Althena atapata humo cha kutafakari. Ila utekelezaji ni mwembamba. Wahusika wanaongea kidogo, na wakiongea mara nyingi wanaeleza kazi inayofuata. Utani uliokuwa unafanya safari ndefu ya Alex ionekane fupi, hapa ni wa kutafuta kwa tochi.

Mapigano

Tuanze na kipimo chenyewe. Katika Silver Star Story, nafasi aliyosimama mhusika ina maana. Adui akiwa mbali, mwenye upanga anaweza kumaliza zamu yake akimfuata tu bila kumfikia. Unajifunza kumweka Jessica pembeni, unajifunza kwamba uchawi wa eneo unamfaa Nash maadui wakijikusanya. Mabosi (maadui wakubwa) nao wanapanda kadiri leveli ya Alex inavyopanda, hivyo ukijaza leveli mno kabla ya pambano hupati mteremko uliodhani. Mkusanyiko wa 2025 umeyabakiza hayo yote, ukaongeza kitu kimoja kinachookoa muda: unaweza kuharakisha mapigano.

Legend imeondoa suala la nafasi. Watu wako wanasimama upande wao, maadui upande wao, unachagua amri, basi. Badala yake imeleta kipimo kinachojaa kadiri pambano linavyoendelea na kukuruhusu kupiga pigo maalumu la kila mhusika. Ni mfumo rahisi, labda rahisi mno kwa mtu mzoefu, na gemu nzima ni nyepesi. Lakini haukuudhi. Harmony nayo ina mapigo hayo maalumu, na mapigano yake yana mwendo mzuri zaidi machoni.

Dragon Song ilitaka kufanya kitu tofauti, na kwa hilo siilaumu. Tatizo ni kwamba karibu kila kilicho tofauti kinamnyima mchezaji kitu alichokuwa nacho.

Jambo la kwanza: huchagui adui wa kumpiga. Unamwambia Jian ashambulie, gemu inaamua nani apigwe. Fikiria una maadui watatu, mmoja amebakiza uhai kidogo na ndiye anayewaponya wenzake. Katika RPG yoyote ya kawaida unammaliza huyo kwanza. Hapa unabonyeza, unatazama Jian akimrukia yule mzima kabisa wa pembeni, na zamu inayofuata yule mgonjwa anaponywa. Hakuna mbinu unayoweza kuijenga juu ya msingi huo, maana mbinu huanza na kuchagua.

La pili ni zile hali mbili. Kabla ya kupigana unaamua: ama uko katika hali ya kupata pointi za uzoefu, ama katika hali ya kupata vitu na kadi. Huwezi kupata vyote kwa pambano moja. Na kwa kuwa maadui hawadondoshi fedha, kipato chako kinatokana na vile vitu, unaviuza au unavipeleka kwa wateja wa Gad's Express. Kwa hiyo ukitaka upanga mpya lazima upigane bila kukua, na ukitaka kukua lazima upigane bila kuchuma. Njia ile ile, maadui wale wale, mara mbili. Hali ya uzoefu ina kivutio chake: ukiwamaliza maadui wote wa eneo kabla muda haujaisha, masanduku ya buluu yanafunguka. Hilo lina ladha, na kuna dakika ambapo kukimbizana na saa kunasisimua kweli. Halafu unakumbuka kwamba itabidi urudi kuchuma.

La tatu, baadhi ya maadui wanaweza kukuvunjia zana ulizovaa. Ile silaha uliyoihangaikia kwa mizigo chungu nzima inaweza kupotea katika pambano la njiani lisilo na maana yoyote. Kutoroka nako kumewekwa kwenye maiki: unapuliza. DS ilikuwa mpya na kila mtengenezaji alitaka kuonyesha kwamba amekitumia kifaa, tunaelewa. Ila mtu aliyekaa kwenye basi lililojaa hatapuliza konsoli yake.

Kwa haki yake, gemu inakuruhusu kuharakisha mapigano kwa kushikilia kitufe, na inayo amri ya kupigana yenyewe. Ukivitumia hivyo viwili uchovu unapungua sana. Lakini tazama maana yake: njia bora ya kuyafurahia mapigano haya ni kutoyacheza.

Kutembea

Hapa kuna kile kisa maarufu. Katika Dragon Song, ukikimbia uhai unapungua. Si kwenye pambano, ni kwenye kutembea tu. Ni kama kutozwa nauli na wewe ndiye unayesukuma gari. Maadui wanaonekana wakizunguka kwenye ramani na unataka kuwakwepa au kuwawahi, hasa ukiwa unashindana na ile saa ya masanduku ya buluu. Ukitembea taratibu wanakufikia. Ukikimbia, unafika kwenye pambano ukiwa umeshajijeruhi mwenyewe. Suluhisho ambalo wachezaji wengi waliishia nalo ni kukimbia vipande vifupi na kununua dawa nyingi, na dawa zinataka fedha, na fedha zinakurudisha kwenye ile hali ya kuchuma bila kukua. Kero hizi hazijakaa mbalimbali. Zimeshikana mikono, na ndiyo maana gemu inachosha kuliko orodha ya kasoro zake inavyoonyesha.

Harmony nayo si safi upande huu. Njia zake za mapangoni ni nyembamba, picha inatazamwa kwa mshazari, na kumkwepa adui aliyeziba kijia ni kazi. Unapigana zaidi ya ulivyotaka. Legend haina makuu, unapita. Mkusanyiko wa 2025 unaonyesha maadui kwenye ramani, na mwenye vidole vyepesi anawapita bila shida.

Picha na sauti

Kama kinachokuvuta Lunar ni nyimbo na video zake za katuni, uamuzi umeshapungua ugumu. Muziki wa Noriyuki Iwadare na ule wimbo wa Luna akiwa juu ya meli ni nusu ya sifa za mfululizo huu. Harmony inavibeba vyote, video na kuimba, na mandhari yake imechorwa kwa ukarimu, rangi zimeshiba. Mkusanyiko wa 2025 unazo video, una sauti mpya za Kiingereza, na unakuruhusu kuchagua kati ya sura ya zamani na ile iliyong'arishwa kwa skrini pana. Legend, kwa udogo wa kaseti ya GBA, inategemea picha tulivu na muziki wa chipu. Imejitahidi, nyuso za wahusika zimechorwa vizuri.

Dragon Song inatumia skrini zote mbili za DS wakati wa pambano, adui wakubwa wakiwa wametanda juu. Hilo ni zuri kutazama mara za mwanzo. Miji yake ni ya kawaida, haina kona unazozikumbuka.

Vifaa

Hapa mambo yanageuka kidogo. DS ya kwanza na DS Lite zina tundu la kaseti za GBA, kwa hiyo kifaa kimoja kinakupa Legend na Dragon Song. DSi na 3DS hazina tundu hilo, zitakubali Dragon Song peke yake. Gemu za DS hazifungwi kwa eneo, hivyo nakala ya Ulaya iliyoandikwa Lunar Genesis itacheza kwenye DS ya Marekani bila maneno. Ni gemu ile ile, usizinunue mbili ukidhani ni tofauti.

Harmony ya diski inataka PSP yenyewe. PS Vita haina mahali pa kuweka UMD, zile diski ndogo za PSP. Na diski za UMD ni za zamani sasa, kagua hali ya ganda kabla ya kulipa. Mkusanyiko wa 2025 hauna kisa: uko Switch, PlayStation 4, Xbox One na Steam.

Basi uchukue ipi?

Hujawahi kuigusa Lunar na una Switch au kompyuta: mkusanyiko wa 2025 unakupa hadithi mbili kamili na mapigano yenye akili, na ukimaliza utajua kama unataka zaidi. Tahadhari yangu ni moja. Gemu hizi ni za miaka ya tisini hata zikipakwa rangi, na ukiwa mtu wa kukereka na mambo ya kizamani utakereka.

Una PSP inayofanya kazi na unachotaka ni habari za Alex tu, zikiwa na sura nzuri: Harmony. Ila kama unajali kugundua mambo kwa mpangilio wa zamani, fahamu kwamba kile kipande cha mwanzo kinafunua kadi mapema.

Una GBA au DS Lite, unapenda gemu fupi ya kumaliza kwa safari kadhaa za basi, na huogopi wepesi: Legend. Inamfaa pia kijana anayejaribu RPG kwa mara ya kwanza, kwa sababu haimwadhibu.

Umemaliza Silver Star na Eternal Blue, na unataka kujua kilichotokea miaka elfu kabla: hapo ndipo Dragon Song inapokuwa na haki ya kuchukuliwa. Iendee ukijua unafuata hadithi. Tembea badala ya kukimbia isipokuwa ukiwinda masanduku, shikilia kile kitufe cha kuharakisha kuanzia pambano la kwanza, kaa muda mrefu kwenye hali ya uzoefu mapema ili mabosi wasikuzuie, kisha chuma kwa mkupuo mmoja ukikaribia mji wenye duka jipya. Inamfaa pia anayekusanya gemu za miaka ya mwanzo ya DS na anataka kuona watengenezaji walivyokuwa wakipapasa matumizi ya skrini mbili na maiki.

Hujamaliza hata moja na umeikuta Dragon Song kwa bei ya chini kuliko zote: iache kwanza. Anayeianza Lunar kwa mlango huo anaweza asirudi kutafuta zile nyingine. Na kama umeshainunua na uko ndani ya saa za mwanzo ukijiuliza kama itabadilika mbele, kuhusu mapigano jibu ni hapana. Sheria ulizoziona Port Searis ndizo utakazokuwa nazo mpaka kwa Ignatius, adui wake mkuu.